Fundi wa programu anaweza kunitajia nywila yangu: je, tuko salama?

Mwenye duka, Chake Chake
Assalaam alaykum ndugu zangu. Tuna duka la jumla hapa Chake Chake, na matawi Wete na Mkoani. Mauzo, stoo na madeni ya wateja yote yamo katika programu moja tuliyotengenezewa, na kila tawi huingia kwa akaunti moja. Hivi karibuni karani wa Wete alisahau nywila, na fundi akamtumia ile ile ya zamani kwa WhatsApp, herufi kwa herufi. Wenzangu wamefurahia wepesi wa huduma, lakini mimi nimeingiwa na shaka. Je, ina msingi? Na niwalazimishe wafanyakazi kubadilisha nywila kila mwezi, kama anavyoshauri mhasibu wetu?

Mtengeneza programu, Unguja
Wa alaykum salaam. Shaka yako ina msingi, tena mkubwa. Programu iliyoundwa ipasavyo haihifadhi nywila yenyewe, bali huhifadhi zao la hesabu isiyorudishwa nyuma. Karani anapoingia, alichoandika hupitishwa katika hesabu ile ile na matokeo yakalinganishwa. Anayesahau huwekewa njia ya kuchagua nywila mpya, wala hapana mtu, hata fundi mwenyewe, awezaye kumtajia ya zamani. Akiweza, basi nywila zenu zimeandikwa wazi, au zimefungwa kwa ufunguo alio nao yeye, na atakayepata nakala ya kanzidata pamoja na ufunguo huo amezipata zote.

Mtakeni fundi wenu atumie njia ya hesabu hiyo iitwayo bcrypt, au Argon2 iliyoshinda mashindano ya kimataifa ya njia hizi mwaka 2015. Zote zimefanywa nzito makusudi ili anayekisia kwa kompyuta achelewe, na kila nywila huchanganywa na herufi za kubahatisha, ili wawili waliochagua nywila moja matokeo yao yasifanane. Akikutajia MD5 au SHA-1 tupu, ambazo ni hesabu za zamani na nyepesi, kataa: nywila za LinkedIn zilizovuja mwaka 2012 zilikuwa za SHA-1 bila mchanganyiko huo, na nyingi zilifichuliwa upesi. Akishamaliza, kila mtu aweke nywila mpya.

Mkaguzi wa hesabu, Mjini
Kwa heshima ya mhasibu wako, ushauri huo umepitwa na wakati. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 ilishauri nywila zisibadilishwe kwa ratiba, bali panapokuwa na dalili ya kuvuja. Ukiwalazimisha utapata Karafuu1 mwezi huu, Karafuu2 mwezi ujao, na karatasi chini ya kibodi.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni akaunti moja ya tawi zima. Deni la mteja likifutwa, kumbukumbu itaonyesha "Wete" tu, utamwuliza nani? Kila mtu awe na akaunti yake, muuzaji asiweze kufuta deni, na ya anayeacha kazi ifungwe siku hiyo hiyo bila kufutwa, ili historia yake ibaki.

Mwenye duka, Chake Chake
Shukran sana. Tatizo ni Mkoani: kompyuta ya kaunta ni moja, wauzaji kadhaa, na meli ikifunga gati hapana nafasi ya kuandika nywila ndefu.

Mtengeneza programu, Unguja
Hapo kila muuzaji apewe namba fupi ya siri, inayokubaliwa na kompyuta hiyo tu, inayojifunga baada ya kukosewa mara tano, na isiyofungua zaidi ya mauzo. Wewe na mhasibu, mnaoingia kutoka popote, ongezeni msimbo wa programu ya simu ya kuthibitisha anayeingia, ule wa tarakimu sita unaobadilika kila sekunde 30. Unafanya kazi hata simu ikikosa mtandao, na ni imara kuliko SMS, kwani laini inaweza kuhamishwa kwa hila.