Borohaidraidi: ya kawaida, triasetoksi au sayano? Oda inafungwa Ijumaa

Mwali_wa_Maabara: Wakuu, salaam. Fungu letu linatosha chupa moja tu. Nataka kuunga aldehaidi na amini, kisha imini, yaani kinachotokana na muungano huo, niipe haidrojeni kwa unga wa borohaidraidi. Ninunue ipi kati ya hizo tatu: sodiamu borohaidraidi ya kawaida, triasetoksiborohaidraidi au sayanoborohaidraidi?

FundiBika: Aldehaidi gani? Kiyeyushi? Gramu ngapi? Watu mnauliza bei ya nguo bila kusema ni ya nani.

Kifusi77: Sodiamu borohaidraidi ya kawaida, basi. Changanya viwili hivyo kwenye methanoli, subiri imini ijijenge, poza chupa kwenye barafu, ndipo utie unga. Ukitia mapema mno, aldehaidi iliyobaki inageuka alkoholi.

Dada_Triasetoksi: Kusubiri kwa nini? Triasetoksi inakimbilia imini, aldehaidi inaisogelea polepole. Unatia vyote pamoja. Ila methanoli inaiharibu, tumia kiyeyushi kingine, THF (tetrahaidrofurani) au daikloroethani.

Kifusi77: Moli moja ya triasetoksi ni gramu 212, na inatoa haidraidi moja, ile haidrojeni inayokwenda kwenye imini. Ya kawaida ni gramu 38, ina nne. Fungu la chupa moja hilo!

mzee_wa_koni: Mimi ya kawaida iliniadabisha. Chupa ilishakula unyevu, unga umeshikana kama sukari ya masika. Nikauvunja kwa kijiko, donge zima likadondokea kwenye methanoli isiyopozwa kwa barafu. Sekunde mbili kimya, nikadhani imekufa. Halafu povu likapanda shingo ya chupa ya duara, likamwagika kabati zima la kuvutia moshi. Haidrojeni ile, na jiko la umeme jirani lilikuwa linawaka! Nililizima mkono ukitetemeka. Tangu siku hiyo napima kwenye karatasi, naugawa na kuutia kidogo kidogo, mara kumi.

FundiBika: Kosa lako hilo, mzee, si la kemikali.

mzee_wa_koni: Sijakataa.

Neema_pH: Sayano hakuna aliyeitaja. Inavumilia asidi hadi pH 3 hivi, mwanakemia Borch na wenzake waliieleza tangu 1971.

Dada_Triasetoksi: Ukizidisha asidi inatoa haidrojeni sayanaidi, gesi ya sumu. Na maji machafu yake utampa nani?

Neema_pH: Kwani daikloroethani yako ni maji ya dafu?

Mwali_wa_Maabara: Samahani wakuu, msimamizi anasema ni ketoni, si aldehaidi.

FundiBika: 😂 Nilisema mimi.

Dada_Triasetoksi: Bado triasetoksi, ongeza asidi ya asetiki kidogo. Ketoni iliyobanwa na vikundi vikubwa pembeni itachukua muda.

Kifusi77: Muda na pesa.