Kazi ya yoti Ulaya: nianze na cheti cha STCW au nikusanye maili za baharini kwanza?

mwana_shela
Salaam alaykum wakuu. Mimi kijana wa Lamu, miaka 23, bahari ndo nimekulia na sasa hivi niko kwenye jahazi la watalii, kamba na tanga hazinishindi. Nataka kuingia zile yoti kubwa za matanga za Ulaya, nianze baharia wa deki halafu nipande taratibu mpaka unahodha inshallah. Nina akiba kidogo ila kila mtu ananiambia lake, mmoja anasema STCW, ile kozi ya usalama baharini, inatosha, mwengine anasema bila Yachtmaster, kile cheti cha unahodha wa yoti, hakuna atakayekuangalia, na kuna jamaa Mombasa anataka laki na nusu aniunganishie kazi, anasema viza iko humo humo. Pesa ikienda haina mwenziwe. Nianze wapi? Na hizi maili za jahazi zinahesabika kwenye Yachtmaster?

serahangi_msa
Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwanza huyo jamaa usimpe hata shilingi. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia, ule MLC wa 2006, unakataza kabisa baharia kutozwa pesa ili apatiwe kazi, anayelipa wakala ni mwenye chombo. Wewe unagharamia vyeti vyako vya afya, kitabu cha baharia na pasipoti, basi. Akikwambia kuna ada ya kuunganisha, muache hapo hapo.

Pili, kabla ya kozi yoyote nenda kapime afya, ile ENG1, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya bahari ya Uingereza. Wengi wanaifanya mwisho na hapo ndo wanaumia, maana kuna kipimo cha rangi, unaonyeshwa vitabu vya vidoti usome namba, na asiyetofautisha nyekundu na kijani hawezi kuwekwa zamu ya usiku peke yake kwa sababu taa za vyombo ni hizo hizo nyekundu na kijani. Bora ujue leo kuliko ujue ushamaliza akiba. Ukipita, cheti kinadumu miaka 2 kisha unarudia.

Baada ya hapo STCW ya msingi, ni kama wiki moja hivi: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, usalama binafsi na ule wa chombo. Bila hiyo kwenye yoti ya biashara hupandi. Dar kuna chuo cha ubaharia DMI, Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, ila uliza mapema cheti chao kinakubalika kwenye bendera gani maana yoti nyingi kubwa zimesajiliwa Cayman au Malta na zinapeperusha bendera za huko, na nahodha akiwa na wasiwasi na karatasi yako anachukua mwengine, hana muda wa kuuliza. Ongeza na Powerboat Level 2, kozi ya kuendesha boti ndogo ya RYA, chama cha yoti cha Uingereza, siku mbili tu, kwa sababu baharia mpya ndo anayetumwa na boti ndogo kupeleka wageni ufukweni.

Hivyo ndivyo vyeti vya kuingilia. Yachtmaster ni ya baadaye, usiingie nayo haraka.

mwana_shela
Shukran sana kaka, umenifungua macho. Sasa hiyo Yachtmaster inataka nini haswa? Na kazi yenyewe ya deki ikoje, maana mimi najua jahazi.

dada_wa_kilifi
Niingie hapo. Yachtmaster Offshore inataka siku 50 baharini, maili 2,500, na safari zisizopungua 5 za zaidi ya maili 60, mbili za usiku na mbili wewe mwenyewe ndo nahodha, tena uwe umekuwa nahodha siku 5. Chombo kiwe cha mita 7 mpaka 24. Nusu ya maili lazima ziwe kwenye bahari yenye kupwa na kujaa, na hapo sisi wa pwani tuko vizuri. Pia uwe na cheti cha redio ya VHF na huduma ya kwanza. Mtihani wenyewe haufanyiki darasani, mtahini anapanda na wewe chomboni anakuangalia unavyopanga njia kwenye chati, unavyomrudia mtu aliyeanguka majini, unavyofunga gatini upepo ukiwa unakusukuma nje.

Kwa hiyo jahazi lako liandike, lakini usilitegemee peke yake. Njoo Kilifi ndani ya hori, yoti za wazungu zinakaa pale miezi na miezi, wenyewe wakitaka kusogea Lamu au Pemba mara nyingi wanatafuta mtu wa kushika usukani zamu ya usiku. Kilifi mpaka Lamu ni karibu maili 100, hiyo moja tayari ni safari inayohesabika. Malipo yanaweza kuwa chakula tu, kubali, lakini nahodha akusainie daftari lako la safari siku hiyo hiyo mkishatia nanga: tarehe, jina la chombo, urefu, maili, saa za usiku, wadhifa wako. Akishaondoka kwenda Madagaska humpati tena.

Kuhusu kazi, jiandae kusafisha. Sijasema kwa dharau, ndo kazi yenyewe. Saa moja asubuhi unafuta umande wote, reli, vioo, kila tone, kwa sababu chumvi ikikauka juu ya vanishi inaacha alama na mgeni anaamka saa mbili. Deki ya mtiki unasugua kwa kukata mishipa ya mbao, ukisugua kuifuata unachimba ile sehemu laini na deki inaisha kabla ya wakati wake, na mti huo ni ghali kupita kiasi. Mwenye mikono ya pwani anajifunza haraka.

mtu_wa_msasani
Naongeza kuhusu viza maana hapo ndo pagumu kwetu kuliko bahari. Wenzetu wa pasipoti za Ulaya wanakwenda Antibes ya Ufaransa au Palma ya Uhispania mwezi wa tatu wanatembea gatini na sivii mkononi wakiomba kibarua cha siku, mpaka msimu uanze wa tano washapata chombo. Sisi hiyo hatuwezi bila viza ya Schengen, na viza ya utalii haikuruhusu kufanya kibarua, usijaribu. Njia inayofanya kazi ni mbili. Cape Town, Mkenya na Mtanzania hatuombi viza kwa siku 90, pale kuna vyuo vya RYA na madaktari wa ENG1 pamoja, unamaliza vyote safari moja. Au Dubai, msimu wa yoti kule ni baridi, mwezi wa kumi mpaka wa nne, waswahili wapo, unapata mwaka wa kwanza wa uzoefu na barua ya nahodha, halafu chombo cha Ulaya kikikutaka chenyewe ndo kinakuandikia barua za viza.

mwana_shela
Allah awalipe nyote. Kipimo cha afya kwanza basi. Dada, nikija Kilifi naanza kwa nani?

dada_wa_kilifi
Nenda pale boti zinapotengenezwa, uliza mafundi wa kupaka rangi chini ya vyombo. Wao ndo wanajua yoti ipi inaondoka na nani kabakiwa bila mtu. Njoo na daftari lako lishaandikwa safari za jahazi, hata kama hazijasainiwa zote.