Tupeane uzoefu: kumtuliza mgonjwa wa saratani ya koo au mdomo akiwa nyumbani

Wakuu, habari za jioni. Baba yetu ana saratani ya koo. Mionzi alimaliza hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar, sasa tunamuuguza hapa Majengo, Moshi. Maumivu yanapanda hadi sikioni, usiku halali. Ameandikiwa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, lakini shangazi zetu wameigomea, eti ni dawa ya mtu anayeaga. Mliouguza, mlifanyaje?

Wa Ngaramtoni: Pole sana mkuu. Mama yangu uvimbe ulikuwa shavuni. Waambie hao shangazi kwamba mofini hupewa mtu kwa ukali wa maumivu, wala haina uhusiano na siku zake zilizobaki. Wapo wanaoitumia miezi na miezi. Cha muhimu ni kufuata saa. Hiyo ya maji hutolewa kila baada ya saa nne, hata kama wakati huo anasema hajambo. Ukisubiri mpaka agugumie, umeshachelewa. Wauguzi wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, walitupangia dozi ya kulalia iwe kubwa kidogo ili asiamshwe usiku wa manane. Ya mzee apange daktari wake. Pima kwa bomba la sindano, vijiko vya nyumbani havilingani. Na choo kitafunga, hilo halina mjadala. Omba dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Kichefuchefu na usingizi wa mwanzo hupungua, choo hakizoei.

Akisinzia mpaka haamshiki, au pumzi zikawa za kuhesabika, kimbizeni hospitali.

Wa Himo: Hilo la sikio nalijua. Baba mdogo alikuwa anapigwa kama shoti ya umeme kutoka shingoni. Mofini peke yake haikufua dafu. Hospitali ya KCMC wakamwongezea amitriptilini usiku. Binti yake akasoma ni dawa ya sonona, nusura airudishe! Hutuliza pia maumivu ya mishipa ya fahamu, ila mpe muda, si dawa ya siku moja.

Wa Sakina, Arusha: Sisi mtihani ulikuwa chakula. Tulimpa dawa kama nusu saa kabla ya mtori, uliosagwa laini na kupoa, bila pilipili wala ndimu. Kusukutua ni maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Zile za dukani zenye spiriti zinaunguza. Kidonda cha nje kilitoa harufu mpaka wageni wakaacha kuja. Nesi akatufundisha kusaga vidonge vya metronidazoli na kunyunyizia kila tunapobadili bandeji. Harufu ilipungua sana.

(Mitishamba? Mwaka 2011 na sisi tulipanda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, kwa hiyo simcheki mtu. Ila chochote anachokunywa, daktari ajue.)

Mleta mada: Asanteni mno. Na akishindwa kabisa kumeza?

Wa Ngaramtoni: Akiwekewa mpira wa kulishia wa puani, mofini ya maji inapita humohumo, kisha unasukuma kwa maji safi. Vidonge vya mofini vinavyofanya kazi polepole msivisage kamwe, dozi yote itaingia kwa mkupuo.