Muuguzi wa diploma anayejiandaa kwenda Ujerumani: aanze na lipi?

Muuguzi_Bungoma

Hamjambo nyote. Mimi ni muuguzi mwenye diploma ya KRCHN (uuguzi wa afya ya jamii) kutoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba nchini Kenya, nimesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na kwa sasa nimeajiriwa na serikali ya kaunti katika hospitali ndogo. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi mjini Berlin mwezi wa Septemba 2024, simu yangu haipumziki kwa matangazo ya mawakala. Mmoja ananihimiza niache kazi mara moja nikasome Kijerumani, mwingine anadai ada ya kushikilia nafasi, na wa tatu ananiahidi kwamba nitaanza kupokea mshahara wa muuguzi kamili siku nitakayoripoti kazini.

Ningependa kusikia kutoka kwa waliopitia njia hii. Je, diploma yangu itatambuliwa jinsi ilivyo? Nifikishe lugha kiwango gani kabla ya kuondoka? Nina watoto wawili ambao watabaki na mama yangu, kwa hiyo nahitaji kujua pia ni kiasi gani cha mshahara kitakachobaki mkononi baada ya makato.

Mkaazi_wa_Leipzig

Dada, umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Mkataba uliotiwa saini Berlin haukutenga idadi yoyote ya kazi. Zile nafasi 250,000 zilizovuma wakati ule zilikanushwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani yenyewe, na kila mwombaji bado anapimwa kwa sheria ile ile ya uhamiaji wa wataalamu. Hakuna nafasi ya kushikiliwa, kwa hiyo ada ya kuishikilia haina msingi.

Kuhusu diploma, elewa kwamba uuguzi nchini Ujerumani ni taaluma inayolindwa kisheria, na huwezi kuitwa muuguzi kabla mamlaka ya jimbo utakalofanyia kazi haijatambua masomo yako. Majimbo yako 16, na kila moja lina ofisi yake na orodha yake ya hati. Ofisi hiyo hulinganisha mafunzo yako na ya Kijerumani, ambayo huchukua miaka mitatu na kuhesabiwa saa 2,100 za nadharia na 2,500 za vitendo. Ndiyo maana cheti peke yake hakitoshi. Utatakiwa kuonyesha mtaala wa chuo wenye saa za kila somo, nakala ya matokeo, ushahidi wa saa ulizofanya katika wadi za hospitali, usajili wa Baraza na barua za waajiri, zote zikiwa zimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa. Omba mtaala wenye saa leo, hata kabla ya kujiandikisha katika darasa la lugha, kwa kuwa chuo kinaweza kuchukua muda mrefu kuutoa, na hati hiyo ikikosekana maombi yote husimama.

Matokeo ya kawaida kwa sisi tuliosomea nje ya Umoja wa Ulaya ni barua inayoeleza mapengo, ambayo Wajerumani huiita Defizitbescheid. Ukishaipata, una njia mbili: kufanya mtihani wa maarifa, au kupitia mafunzo ya kuziba pengo ukiwa kazini. Katika kipindi hicho chote, hadi utambuzi utakapokamilika, utaajiriwa kama msaidizi wa uuguzi kwa mshahara wa msaidizi. Wakala anayekuahidi mshahara kamili tangu siku ya kwanza ama haijui sheria au anategemea kwamba wewe huijui.

Kuna jambo jingine ambalo mawakala hawaligusi, nalo ni kazi yenyewe. Wewe kule kwako pengine unazalisha akina mama, unaweka kanula (mrija mdogo wa mshipani), na usiku unaamua mengi peke yako kwa sababu daktari hayupo. Hapa ukunga ni taaluma nyingine yenye utambuzi wake, kwa hiyo sehemu hiyo ya diploma yako haitakupa kazi katika chumba cha kuzalishia. Hospitali nyingi humwachia daktari kazi ya kuweka kanula, ilhali kuogesha, kulisha, kugeuza na kubadilisha nepi za mgonjwa mzima ni kazi ya muuguzi aliyesajiliwa, wala si ya jamaa aliyeketi kando ya kitanda. Nimewaona wenzetu hodari wakivunjika moyo kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya baridi. Ukiweza, zungumza na muuguzi anayefanya kazi katika nyumba ya wazee, kisha jiulize kwa dhati kama unaikubali kazi hiyo kwa miaka kadhaa.

Mwalimu_wa_Lugha_Mombasa

Nafundisha Kijerumani, kwa hiyo nitajibu kuhusu lugha tu. Ili utambuliwe kama muuguzi, majimbo kwa kawaida yanadai B2, yaani ngazi ya nne kati ya sita za lugha zinazoanzia A1 hadi C2. Taasisi ya Goethe, inayofundisha na kutahini Kijerumani, inakadiria kwamba mtu anayeanza bila neno hata moja huhitaji kati ya vipindi 600 na 800 vya dakika 45 ili kufikia kiwango hicho. Wakala anayeahidi B2 kwa miezi minne kwa mtu anayefanya kazi zamu za usiku anauza ndoto.

Ni kweli kwamba tangu Machi 2024 sheria inamruhusu mwenye taaluma kuingia akiwa na A2 na kukamilisha utambuzi akiwa kule, mradi mwajiri amekubali kwa maandishi kushirikiana naye. Mimi siwashauri wauguzi kuipenda njia hiyo. Mtu wa A2 ataweza kununua mkate, lakini hataelewa ripoti ya kubadilishana zamu inayosomwa kwa kasi na mtu mwenye lafudhi ya jimbo la Saksonia, na mapokezi ya wenzake katika wadi yatategemea hilo. Fanya B2 ukiwa nyumbani, unapolala kwako na kula chakula chako. Mtihani wa B2 wa Goethe una sehemu nne, yaani kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na ukishindwa moja unairudia hiyo peke yake. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu mwenye kazi na watoto.

Mkaazi_wa_Leipzig

Mwalimu, nakubaliana nawe kwa sehemu kubwa, ila usifunge kabisa njia ya kwenda na kiwango cha chini. Mtu aliyefika B1 imara, mwenye mwajiri anayemlipia kozi na kuihesabu kuwa saa za kazi, husonga haraka akiishi na lugha kila siku. Kinachoharibu ni pale kozi inapoachwa kuwa shughuli ya baada ya zamu.

Mhasibu_Stuttgart

Nikirudi kwenye swali la mshahara, tarakimu unayoonyeshwa kwenye tangazo ni ya kabla ya makato. Kutoka hapo hutolewa kodi ya mapato pamoja na bima za lazima, ambazo wewe na mwajiri mnagawana: ya pensheni ni asilimia 18.6, ya afya ni asilimia 14.6 pamoja na nyongeza ya mfuko uliochagua, ya ukosefu wa kazi ni asilimia 2.6, na kuna ya utunzaji wa wazee. Ukiishi peke yako, huku familia ikiwa Kenya, utawekwa katika daraja la kwanza la kodi, na si ajabu theluthi ya mshahara kuondoka kabla hujauona.

Halafu kuna nyumba. Tangazo likitaja Kaltmiete, hiyo ni kodi ya kuta tupu, na gharama za maji, taka na joto huongezwa juu yake. Mwenye nyumba anaweza kudai amana isiyozidi kodi tupu ya miezi mitatu, na sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu. Kila kaya hulipa pia ada ya utangazaji ya euro 18.36 kwa mwezi, hata kama haina televisheni. Kwa hiyo usichukue mkopo wa sacco ukitegemea mshahara wa mwezi wa kwanza, na umwambie mama mapema kwamba miezi ya mwanzo utatuma kidogo.

Katika mkataba wa kazi, tafuta kifungu cha kurejesha gharama ukiacha kazi mapema. Kama kipo, kinapaswa kueleza kiasi, muda, na jinsi deni linavyopungua kila mwezi unaofanya kazi. Kuhusu wakala, hakikisha jina lake limo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, na umuulize kama anafuata utaratibu wa Kijerumani wa uajiri wa haki, ambao unamtaka mwajiri alipe gharama zote za uajiri na si muuguzi.

Muuguzi_Bungoma

Nawashukuru sana. Nimeshaandika barua kwa chuo kuomba mtaala. Limebaki swali moja: ajira yangu ya kaunti ni ya kudumu na ina pensheni. Je, nijiuzulu nikipata mkataba?

Mkaazi_wa_Leipzig

Usijiuzulu kwa sababu ya mkataba peke yake. Visa huombwa kwa mkataba huo pamoja na barua ya mapengo, na kati ya kuomba na kupewa unaweza kusubiri kwa miezi. Soma na ufanye mtihani wa lugha ukiwa kazini, na visa ikibandikwa ndani ya pasipoti ndipo uiandikie bodi ya utumishi wa umma ya kaunti kuomba likizo bila malipo. Wakikataa, utajiuzulu ukiwa na tarehe ya safari mkononi. Na barua ya kuthibitisha miaka yako ya kazi uichukue kabla hujaondoka hospitalini, yenye idara ulizohudumu na idadi ya saa kwa wiki, kwa sababu uzoefu wa kazi uliothibitishwa hivyo unaweza kuziba baadhi ya mapengo katika tathmini.