MREJESHO: Ukoo wa Waromani upande wa mume wangu

Jamani nimerudi. Niliuliza niwatafute wapi mababu Waromani (wale wanaoitwa pia Gypsy, watu wa kuhamahama) wa mume wangu hapa Uingereza maana sensa ya 1881 hawaonekani kabisa, mkanambia nianze na vitabu vya ubatizo, na kweli bana! Watoto watano, kila mmoja kabatizwa kanisa lake, baba huku kaandikwa mchuuzi kule msuka vikapu, wa mwisho kabatizwa Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwezi wa 9, msimu wa kuchuma hopsi zile za bia, yani ukifuata tarehe unaiona njia ya mkokoteni wao. Pembeni kasisi kaandika "wanaishi hemani". Nililia. Mama mkwe aliyekuwa hataki kuligusa jambo hili sasa kaomba kopi, kaiweka kwenye Biblia yake.