Darasa la sanaa Nyalenda: niwatenganishe wanafunzi kwa umri na uwezo?

Mchoraji wa Nyalenda:
Wanajamvi, hamjambo. Tangu Januari nimekuwa nikifundisha uchoraji bila malipo kila Jumamosi katika ukumbi mmoja mtaani Nyalenda, Kisumu, na nilipotangaza kwamba kila mtu anakaribishwa sikudhani kwamba kila mtu angekuja kweli. Sasa nina watu 19. Mdogo kabisa ana miaka 7 na mkubwa ni nyanya aliyepita 70. Wamo wasichana 2 viziwi, mzee ambaye mkono wake wa kulia umelegea tangu apatwe na kiharusi, na kijana asiyeona anayeletwa na dada yake.

Jumamosi iliyopita niliwapa karatasi na makaa ili wachore mashua za ufuo wa Dunga. Yule kijana aliipakata karatasi yake hadi kipindi kikaisha, kisha akaikunja mara nne, akanirudishia na kusema, "Asante mwalimu, leo nimewasikiliza wenzangu wakichora." Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Je, nifungue madarasa tofauti, au niendelee nao pamoja? Fedha sina, na ukumbi ninapewa kwa saa 2 tu.

Mwalimu Mstaafu, Nakuru:
Ndugu, watenganishe, angalau watoto. Niliwahi kuwachanganya na wazee hapa Nakuru; watoto walimaliza kazi kwa dakika 10 wakaanza kupakana rangi, na baada ya wiki tatu wazee wangu wakaacha kuja, bila kulalamika hata mmoja.

Mama Vyungu:
Mwalimu, ningekuwa wewe ningeziweka karatasi kando kwa mwezi mzima na kuleta udongo wa mfinyanzi. Huku kwetu chungu hufinyangwa bila gurudumu: unaviringisha udongo kati ya viganja mpaka uwe mrefu kama nyoka, unauzungusha juu ya kitako, kisha unaunganisha kila mzunguko na ule wa chini kwa kidole gumba. Mimi mwenyewe hukagua unene wa ukuta wa chungu kwa vidole huku nikizungumza na jirani, kwa sababu jicho haliwezi kuuona. Kwa hiyo kijana wako hatapungukiwa na chochote katika kazi hiyo, na pengine atawazidi wengine.

Kwa yule mzee, tandika kitambaa kibichi chini ya ubao wake ili usiteleze anapofanya kazi kwa mkono mmoja, na kijiti cha kuchorea urembo ukizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka kinenepe, kwani mkono uliolegea hushika kitu kinene kwa urahisi zaidi. Udongo uloweke mapema, na uuchanganye na vigae vilivyosagwa ili usipasuke ovyo.

Mzazi wa Kiziwi, Kakamega:
Nakubaliana na Mama Vyungu, ila udongo hautatatua suala la wale wasichana. Usielekeze huku umeugeukia ubao, na usisimame ukiwa na dirisha nyuma yako, maana uso wako utakuwa giza kwao. Tafuta mtu anayejua Lugha ya Ishara ya Kenya. Katiba ya 2010 inaitaja lugha hiyo katika Ibara ya 7, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, kwa hiyo usimwombe mkalimani kana kwamba unaomba fadhila.

Tena msiishie kwenye kazi za mikono. Isukuti, densi ya jadi ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Binti yangu hasikii, lakini huweka kiganja juu ya mbao za ngoma kubwa na kuufuata mdundo.

Mchoraji wa Nyalenda:
Nimewasoma wote, na ninashukuru. Nitawaweka pamoja kwenye udongo, ila kwa kuwa onyo la Mwalimu Mstaafu ni la kweli, nusu saa ya mwisho watoto watatoka uani kupiga ngoma pamoja na wale wasichana, nao wazee wamalizie kazi yao kwa utulivu. Mama, swali moja limebaki: ua wetu umezungukwa na nyumba za mabati. Vyungu tutavichomea wapi?

Mama Vyungu:
Msichomee hapo hata kidogo. Vianikeni kivulini wiki mbili hivi mpaka vikauke kabisa, kwa sababu unyevu uliobaki ndani hugeuka mvuke motoni na chungu hupasuka, kisha mvilete kwetu tuvichome pamoja na vyangu. Chungu kikavu ambacho hakijachomwa huvunjika kwa kuguswa tu, hivyo vipange ndani ya kreti za soda zenye majani makavu, na tafadhali, mwalimu, usivipakie kwenye bodaboda.