Mrejesho: balbu za LED nyumbani kwetu Nkuhungu

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliwauliza kama inafaa kuziondoa balbu sita za zamani za wati 60 hapa nyumbani Nkuhungu, Dodoma, na kuweka za LED za wati 9. Nimefuata ushauri wenu. Kwa saa tano kila usiku, za zamani zilikula uniti 1.8 za umeme wa LUKU (mita ya malipo ya kabla). Sasa ni 0.27 tu, na mwanga haujapungua. Moja, niliyoiweka ndani ya kifuniko cha kioo kisichopitisha hewa, ilianza kupepesa baada ya wiki mbili, na nilipoigusa kitako chake kilikuwa cha moto mno, joto ambalo huharibu saketi iliyomo. Kifuniko nimekiondoa. Sebuleni nimechagua mwanga wa kelvini 3000 (kipimo cha rangi ya mwanga; huu ni wa manjano kiasi), ambao mama anaufurahia sana asomapo usiku. Nawashukuru kwa dhati.